Zulia la Majani Nililolipanda Nikiwa Dirishani

Nyie mnaotaka zulia la majani chini ya maji, wekeni simu pembeni kidogo. Najua mnachokiona humo: tanki la mtu wa mbali, majani yamelala chini, mafupi, yamebanana kama manyoya ya ndama, na samaki wanapita juu yake polepole kama wanaota. Mnataka na nyie mpande wiki hii, wiki ijayo muite majirani waje kuona. Haliji hivyo. Mimi nimeifanya kazi hiyo mpaka mgongo ukagoma. Nimelima chini ya maji Musoma, nimelima Bunda, nimelima mpaka kwenye nyumba za mapadri, na ninasema bila aibu kwamba sijaona bibi mwingine mkoa huu aliyelima humo kunizidi. Na zulia zuri kuliko yote sikulipanda kwa mikono yangu. Nililipanda nikiwa nje, dirishani, kwa mdomo tu, kwa sababu ndani ya nyumba ile miguu yangu haikutakiwa kukanyaga.

Tena halikuwa la pambo. Lilikuwa la kumfanya binti yangu alale asiinuke, mpaka mtoto aliyekuwa tumboni akomae. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Lakini ukipanda bila kuandaa mchanga unapanda uchafu, kwa hiyo tuanze na mchanga.

Nilianza kazi kama mfagiaji kwenye nyumba ya wageni Musoma, karibu kabisa na ziwa. Shule niliishia darasa la nne, na Kiswahili chenyewe nilikiokota sokoni, maana kwetu Butiama nyumbani tunaongea Kizanaki. Mapokezi palikuwa na tanki kubwa la kioo. Siku ya kwanza nikaambiwa nisafishe kila kitu mpaka king'ae. Basi nikang'oa majani yote yaliyokuwa humo ndani, nikasugua kioo, nikasugua mpaka mawe. Tanki likabaki jeupe kama sahani ya harusi, samaki wamejibana kona moja wanaona aibu. Mlinzi wa pale, Mzee Bwire, mzee wa Kijita aliyekuwa mvuvi kabla magoti hayajamchoka, akaja akasimama. Akaangalia tanki, akaniangalia mimi, akaniuliza kama kwetu mtu akitumwa kufagia uwanja anang'oaga na migomba.

Sikufukuzwa. Niliambiwa nirudishe nilichong'oa, na Mzee Bwire ndiye alinionyesha pa kukipata. Alinipeleka ufukweni asubuhi, ziwa limetulia kama limemwagiwa mafuta, akanionyesha nyasi nyembamba zilizoota chini ya maji ya magotini, laini kama nywele za mtoto mchanga. Zilikuwa zinayumba bila upepo. Nilisimama mle kwenye maji nikasahau nilichotumwa. Mpaka leo nikifumba macho naziona.

Mchanga wa ziwa unauosha. Ukimaliza unauosha tena, mpaka maji yatoke kama ya kunywa. Chini yake unaweka udongo wa kichuguu, kidogo tu, unene wa kidole, umeuchekecha, umetoa mizizi. Juu unafunika na mchanga. Udongo unalisha, mchanga unazuia tope lisipande. Samadi iacheni shambani. Sisi watu wa ng'ombe tunaaminigi samadi kuliko dawa. Nami niliwahi kuifukia tankini kiganja kimoja, maji yakawa meusi, harufu ikafika jikoni, mpishi akalaumiwa yeye.

Baadaye nilipoanza kuwapandia watu matanki yao, mteja mmoja alitoka Buhemba kwenye dhahabu akaniletea mchanga wa marudio, ule ambao wachimbaji wameshauosha na kuukamua. Mweusi, laini, unateleza mkononi kama unga. Nikajiambia, kwa nini nijichoshe, si umeshaoshwa. Samaki wakageuza matumbo juu kabla sijamaliza chai yangu. Mchanga ule ulikuwa na zebaki, ile wanayokamatia dhahabu. Usiutie nyumbani kwako, hata kwenye chungu cha maua.

Na samaki mchague. Furu ana rangi nzuri, sikatai, lakini na yeye ni mchimbaji. Ukipanda asubuhi, jioni amefukua shimo anatafuta asichokipoteza. Mimi nilipenda visamaki vya kwenye majaruba ya mpunga, vidogo kama kucha, jicho linawaka kama cheche. Vinakaa juu juu, havina shida na mtu.

Sasa jani lenyewe. Nyasi za ziwa ni nzuri lakini zinadeka. La kuanzia nalo, la mtu asiye na mitambo, ni jani la kutambaa linaloota kwenye majaruba ya mpunga kule Guta. Lina majani manne manne juu ya kijiti kimoja. Mzee Bwire aliliitaga "majani manne", nami sikulitafutia jina lingine. Linavumilia mwanga kidogo, linavumilia maji ya bomba ukiyaacha kwenye ndoo yakapumua kwanza. Lakini ukilitoa jarubani unalipitisha kwenye maji ya chumvi kidogo, unalisuuza, unalikalisha kwenye ndoo yake peke yake wiki kadhaa, na mikono yako unaivalisha glavu. Konokono wa majaruba wanabeba kichocho. Mjamzito asiliguse kabisa mpaka wewe umeridhika. Hapo sitanii.

Haya. Binti yangu Ester aliolewa Bunda mjini na Masatu, fundi pikipiki, kijana wa watu, mkimya, mikono yake haitokagi oili. Mimba mbili zilikuwa zimetoka. Ya tatu ilipofika, hospitali wakamwambia alale kwa ubavu wa kushoto, asiinuke ila kwenda chooni, mpaka watakapomwambia vingine. Ester ni mtu wa kushinda amesimama. Tangu mdogo, ukimwambia kaa anauliza kwa nini. Masatu akapiga simu kwa mjomba wake, mjomba akampigia kaka yangu, kaka ndiye akaniambia: binti yako hatulii, anaamka kufua, anaamka kufagia, mwenzake akitoka kwenda gereji anarudi anamkuta na ndoo mkononi.

Nikaenda. Lakini mjue desturi yetu. Kwetu mama mkwe haingii nyumba ya mume wa binti yake. Halali humo, hali naye, hamwangalii usoni, na neno lake kwake linapitia kwa mtu mwingine. Ni heshima, wala si ugomvi. Masatu naye alilelewa hivyo hivyo. Kwa hiyo nilikaa kwenye jiko la nje, la mabati, nikawekewa kitanda humo. Nilipika, nikaacha sufuria mlangoni, nikakohoa, nikaondoka. Masatu akasubiri nyayo zangu zipotee ndipo akafungua. Tuliishi hivyo kama wezi wawili wanaoibiana.

Ester walimhamishia kitanda sebuleni, penye hewa. Nilimwona kupitia wavu wa dirisha, ameelekea ukutani, ukuta mtupu, rangi imebabuka. Nikajua kinachomwinua. Mtu hawezi kuangalia ukuta miezi. Nikaagiza tanki langu kutoka Butiama, likaja limelazwa juu ya magunia ya pumba, pamoja na ndoo yangu ya majani manne, yale niliyokuwa nimeshayakalisha muda mrefu, na visamaki vyangu kwenye ndoo nyingine. Masatu akapanga matofali mbele ya kitanda, akaliweka. Mimi nikavuta kigoda chini ya dirisha.

Nilisema, "Ester, mwambie mwenye nyumba asizike kichwa. Azike mguu tu, aulaze kidogo kama anapanda rando la viazi."

Masatu alikuwa hapo hapo, amenipa mgongo, anasikia kila kitu. Lakini alisubiri.

Ester akasema, "Mama anasema usizike kichwa."

"Mwambie mama kibano kinateleza."

"Anasema kibano kinateleza."

"Mwambie akishike kama ameshika kijiskrubu cha kabureta. Amekishika kama anafungua gurudumu la lori."

Ester akacheka mpaka akashika tumbo, nikamwambia asicheke kwa nguvu, akacheka zaidi. Masatu masikio yake yakawa mekundu, lakini kuanzia hapo kibano kikatulia. Unagawa shina vipande vidogo, kila kipande na mzizi wake na jani lake, unaviachia nafasi ya vidole viwili. Ukivibana, vinaoza. Alipanda jioni nzima, safu zake zimenyooka kama mistari ya daftari, nikamtumia neno kwamba majani si askari. Akayavuruga kidogo, kwa shingo upande.

Baada ya hapo Ester akatulia. Asubuhi aliniambia dirishani nani kafanya nini: kile kisamaki kikubwa kimekaa na kile chenye mkia uliochanika, kipovu kimetoka kwenye shina la pembeni. Aliyasema kama mtu anayesoma habari za kijiji chake.

Kisha majani yakaanza kuoza. Hili nyie wote mtalikuta, na wengi wenu hapo ndipo mnapotupa. Jani lililoota jarubani lilizoea hewa. Ukilizamisha linakufa, linakuwa la kahawia, linayeyuka, halafu shina linatoa jani jingine la kuishi chini ya maji. Nilijua. Lakini sikumwambia Ester mapema, na kila siku aliamka akakuta mengine yamelala. Siku moja nilipofika dirishani, hakunisalimu. Ameangalia tanki, machozi yanavuka pua yanaingia kwenye mto, maana amelala upande.

"Mama, yamekufa," akasema. "Na haya."

Hiyo "na haya", baada ya zile mimba mbili, ilinikata. Nilishika nondo za dirisha. Ningekuwa ndani ningemshika kichwa.

Nikamwambia, "Mwambie mwenye nyumba avute shina moja, taratibu. Likija, limekufa. Likikataa, liko kazini."

Ester hakurudia neno. Masatu hakusubiri arudie. Alipandisha mkono wa shati, akaingiza vidole, akavuta. Mchanga ukainuka kidogo na shina halikuja. Akavuta lingine. Halikuja.

"Acha, usivute tena," Ester akamwambia. "Utaliumiza."

Haukupita muda mrefu jani jipya likatokea. Si majani manne tena. Jani moja, dogo, la mviringo, kama kijiko cha kulishia mtoto. Likaja lingine pembeni yake, na lingine, kila moja limetoka chini ya mchanga mahali ambapo hakuna aliyelipanda, maana shina linatembea kwa siri. Hapo kazi ya mkulima inaisha, kazi ya kuangalia inaanza. Mnakata uchafu, mnabadilisha maji kidogo, basi. Taa msiiache imewaka kutwa, mtakaribisha mwani.

Jioni jua lilipolala, mwanga uliingia kwa dirisha langu, ukapita kwenye maji, ukapanda kwenye dari. Dari yote ikawa inacheza. Nilikuwa nachambua mchele hapo nje, na kwa wavu ule wa mbu nyumba nzima ilionekana imezama: Ester amelala chini ya maji, tumbo lake limeinuka kama kilima cha ziwani, visamaki vinapita juu ya shuka lake. Aliniambia wakati huo mtoto anachezaga. Sijui kama ni kweli. Nilijikuta nimechambua mchele ule ule tena na tena, mawe yote yameisha, mikono inaendelea tu.

Tumbo likawa kubwa. Zulia likafunga chini yote, likaanza kupanda kioo. Hospitali wakasema bado kidogo, avumilie.

Jumapili moja baada ya kanisa, Masatu yuko ndani amekaa kwenye kiti karibu na mke wake, mimi niko kigodani. Nikasikia mlio mdogo kama mtu amepasua karanga. Gundi ya pembe ya tanki, chini, ilikuwa imeachia. Maji yakatoka kama uzi, uzi ukawa kamba. Matofali yakalowa.

Ester akainuka. Alishaweka miguu chini, mkono mmoja umeshika tumbo, mwingine umenyooka kwenda kwenye kioo. Nikamwambia alale. Hakunisikia. Masatu naye akaruka, lakini alirukia dirishani, kwenye kipande cha sabuni ya mche, maana mafundi wa pikipiki tanki la petroli likitoboka wanalizibaga kwa sabuni. Nikaona kwa mara moja vitu viwili: binti yangu amesimama, na sabuni inakwenda kwenye maji ya samaki.

Sikupitisha neno kwa mtu.

"Masatu, tupa hiyo sabuni, itaua vyote. Mshike mke wako, umlaze. Kioo niachie mimi."

Nikaingia. Sikumbuki mlango. Nakumbuka sakafu ya nyumba ile ilikuwa ya baridi na sikuwa na viatu. Nikapiga magoti nikabana pembe kwa kiganja. Nyuma yangu nikamsikia Masatu anamlaza Ester, anamwambia maneno ya chini chini ambayo mama mkwe hatakiwi kuyasikia. Ester analia kwamba wanakufa, majani yanakufa.

Nikamwambia Masatu alete mshumaa na kipande cha tyubu. Tyubu kwake haikosekani. Akalainisha nta kwa vidole vyake, akapiga magoti kando yangu, akaipachika kwenye ufa, vidole vyake vikapita juu ya vyangu, vina oili mpaka ndani ya kucha. Tukabana mpira juu ya nta, mimi huku, yeye kule, nyuso zetu zimeelekea kioo kimoja. Tukakaa hivyo mpaka maji yakakoma. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Lakini ndani ya kioo niliona uso wake, na yeye aliona wangu.

Visamaki tulivihamishia kwenye ndoo. Tanki likabaki na maji ya kina cha kidole tu. Ester alifumba macho, hataki kuangalia. Nilisimama hapo mbele ya kitanda, ndani kabisa, nikamshika kichwa.

"Hili ni jani la jaruba, mwanangu," nikamwambia. "Halijawahi kuhitaji kina. Wewe lala tu uone."

Masatu aliniambia, mimi mwenyewe, kwamba pikipiki ya kupeleka watu hospitali iko mlangoni, kama nitaona inahitajika. Nilimjibu, yeye mwenyewe, kwamba pikipiki haimbebi mjamzito, atafute bajaji aiweke karibu. Ndivyo tulivyoongea mara ya kwanza. Kaka yangu alipopata habari alinigombeza kwenye simu mpaka salio lake likaisha. Ilibidi Masatu alete mbuzi Butiama kusafisha jambo lile, na mbuzi mwenyewe alikuwa amekonda kama baiskeli. Tulimla. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Siku zilizofuata jani likafanya lilichokuwa linajua. Maji yakiwa madogo, shina linapandisha kijiti mpaka hewani. Juu ya kila kijiti kikafunguka jani, manne manne, kama zamani jarubani. Ester aliamka akayaona yamesimama juu ya maji, yamefunguka yakielekea dirishani. Jioni yalijikunja kama viganja vya watu wanaosali. Asubuhi yalifunguka tena. Hakuuliza tena lini ataruhusiwa kuamka. Aliangalia yakifunguka, akaangalia yakijikunja, na hivyo siku ikawa imekwisha.

Uchungu ulimshika wakati wake, si kabla. Bajaji ikafika. Nilikaa naye nyuma, Masatu akakaa mbele na dereva, anageuka kila tuta.

Hospitali si nyumba ya mtu. Mkwe na mama mkwe wote wanasimama kwenye korido ile ile, harufu ya dawa ile ile, hakuna kizingiti cha mtu. Tukaitwa pamoja. Ni msichana, mwekundu, mkali, ngumi zimefungwa, anapiga kelele kama amedhulumiwa kiti. Mjukuu wangu. Nimekuwa na wajukuu wengine kwa wanangu wa kiume na nawapenda, lakini nasema ukweli, huyu alinifanya nikae chini.

Ester alinipa mtoto. Akavuta pumzi. Kisha akageuka, polepole, akalala kifudifudi. Tumbo limegusa godoro, uso umezama kwenye mto, mikono imetawanyika huku na huku, mguu mmoja umening'inia nje ya kitanda. Akalala usingizi mdomo wazi, anakoroma.

Masatu alitaka kumweka vizuri. Nikamwangalia usoni.

"Mwache," nikamwambia. "Mwache alale anavyotaka."